Kabla Hujapanda Basi la Nairobi: Uanagenzi wa Uhifadhi kwa Vijana wa Busia na Malaba

Ikifika Februari, saiba za Busia na Malaba hujaa wanafunzi wanaochapisha barua za kuomba atachimenti. Anayesomea wanyamapori, misitu, uvuvi au sayansi ya mazingira huandika barua moja, akabadilisha jina la shirika mara ishirini, kisha akazituma zote Nairobi, Naivasha na Narok. Akibahatika kujibiwa huambiwa karibu sana, ila malipo hakuna. Mzazi anauza ndama, mtoto anapanda basi la usiku, na baada ya miezi mitatu anarudi na barua ya shukrani, deni la kodi ya nyumba, na picha amesimama kando ya gari lenye nembo ya simba.

Sina ugomvi na Nairobi wala Mara. Ninachotaka kumwambia kijana wa mpakani ni kwamba malipo yake ya kwanza ni kulala kwao, na kwamba kuanzia Port Victoria hadi Kakapel kuna kazi ya uhifadhi ya kumtosha kuanzia. Ila kulala kwao kusiwe sababu ya mtu kumtumikisha bure. Haya mawili yaende pamoja, na sehemu kubwa ya makala haya ni kuhusu namna ya kuyapatanisha.

Kwanza tutenganishe vitu ambavyo watu huvichanganya. Atachimenti ni sehemu ya kozi yako. Chuo kinakudai uifanye ndipo uhitimu, na ofisi nyingi za umma hukupokea bila kukulipa, labda zikupe chai na nauli ya kwenda nyanjani. Uanagenzi, au intanshipu kama wengi wanavyouita, huja baada ya kuhitimu na aghalabu una posho. Ule unaojulikana zaidi ni wa Tume ya Utumishi wa Umma, ambao ulipoanza 2019 ulimlipa mwanagenzi shilingi 25,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, na humpeleka katika wizara na mashirika ya serikali, yakiwemo ya mazingira. Kuna na vibarua vya msimu: kuhesabu miti, kukusanya takwimu, kusafisha mito na mitaro. Kazi Mtaani ya 2020 ilikuwa ya aina hiyo, shilingi 455 kwa siku, na japo wenye digrii waliidharau, kuna waliotoka pale na chama cha kusafisha mazingira kilichosajiliwa. Halafu kuna aina ya nne, ambayo mwanafunzi wa kwetu anapaswa kuikimbia: kituo kinakuita “ujitolee” kisha kinakutoza chakula na malazi. Utaratibu huo ulitengenezewa kijana wa Ulaya anayetafuta mwezi mmoja wa jua kabla ya kuanza chuo. Wewe jua unalo.

Wenzetu wa mbali wamelifikiria jambo hili kwa namna inayofaa kuigwa. Marekani, mwaka wa 2022, Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Deb Haaland ilizindua mpango wa kuwapa vijana wa mataifa ya asili kazi za uhifadhi zenye ujira au posho katika ardhi za mababu zao. Wacherokee, mojawapo ya mataifa hayo, walikuwa wameshaanza uhifadhi wa kwao. Hawa ni watu waliofukuzwa kwa nguvu kutoka milima yao ya kusini-mashariki mwaka wa 1838, wakatembezwa hadi Oklahoma huku maelfu wakifia njiani. Waliookoka walifika na mbegu zao. Tangu 2006 taifa hilo lina benki yake ya mbegu, na Februari 2020 likawa taifa la kwanza la asili la Marekani kupeleka mbegu zake katika ghala la dunia la Svalbard, kule Norway karibu na ncha ya kaskazini. Hapo uhifadhi maana yake ni mahindi, maharagwe na maboga ya nyanya zao. Na mtoto wa Kicherokee akilipwa kuyashughulikia, halipwi kwa kuwa ni maskini. Analipwa kwa sababu anajua jambo ambalo mtaalamu wa kutoka nje itamchukua miaka kulijua.

Sasa njoo Teso Kaskazini. Kwenye milima ya Chelelemuk, si mbali na Malaba, kuna mwamba wa Kakapel wenye michoro ya kale, uliotangazwa mnara wa kitaifa mwaka wa 2004. Mwaka wa 2024 wanaakiolojia, miongoni mwao Natalie Mueller wa Marekani na Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walichapisha matokeo ya uchimbaji wao hapo. Walikuta kunde iliyoungua yenye umri wa takriban miaka 2,300, ushahidi wa kale kuliko wote uliowahi kupatikana wa zao la kulimwa katika Afrika Mashariki, pamoja na mtama na wimbi vya baadaye. Kunde hiyohiyo ambayo mama anaiuza kwa mafungu sokoni Amagoro. Na ukishuka barabara ya kutoka Malaba kuelekea Busia unapita Alupe, penye kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kinachoshughulikia wimbi, mtama na muhogo, na penye chuo kikuu. Mwanafunzi wa kilimo, botania au historia anayeishi kati ya Kakapel na Alupe amezungukwa na kazi ambayo Wacherokee wangeiita uhifadhi bila kusita, ila yeye anaandika barua kwenda kuhesabu pundamilia.

Wazo hapa ni jepesi kulitekeleza. Nenda KALRO Alupe na pendekezo la ukurasa mmoja: nitakusanya aina za wimbi zinazolimwa na wazee wa wadi yetu, niandike jina la kila aina kwa Kiteso, nani anaipanda, kwa nini, na ipi imebaki kwa mtu mmoja tu. Mtafiti mwenye mradi ana fungu la kulipa wasaidizi wa nyanjani; asiye na mradi hana, na atakwambia. Kinachomvutia mwenye fungu ni mtu anayeweza kuketi na bibi wa miaka themanini na kumsikiliza bila mkalimani. Hilo usilifiche kwenye mstari wa mwisho wa wasifu wako baada ya “hobi: kusoma na kusafiri”. Liweke juu.

Mahali tunapopapuuza kupita pote ni mpakani penyewe. Tumezoea foleni ya malori hadi hatuioni. Kumbe mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo inayokwenda Mombasa hupita Malaba na Busia, na ndani yake, pamoja na kahawa na chai, hupita mbao, mkaa, mbegu, ngozi, na mara nyingine pembe za ndovu na magamba ya kakakuona. Kakakuona ni mnyama ambaye watu wengi wa kwetu hawajamwona, lakini biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa spishi zake zote nane katika mkutano wa 2016 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Atakayemwokoa anaweza kuwa askari wa porini, na anaweza pia kuwa karani wa forodha aliyeshtuka kuona uzito wa mzigo haulingani na karatasi.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilichozinduliwa Februari 2018, kama kile cha Malaba, kimeweka maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Lori linalotoka Uganda hukaguliwa na pande zote mbili upande wa Kenya, na linalotoka Kenya hukaguliwa upande wa pili. Kwa hiyo kila kinachoingia nchini kupitia hapa kwa njia halali kinasimama mbele ya mtu ambaye unaweza kukaa kando yake na kujifunza. KEPHIS wapo kwa ajili ya mimea na mbegu. Shirika la Wanyamapori, KWS, lina jukumu lake, forodha wana lao, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ina lake. Kaa siku moja na mkaguzi wa mimea. Anafungua gunia la mbegu, anachota kiganja, anazimwaga kwenye karatasi nyeupe na kuzitenga kwa ncha ya kalamu: hii imetobolewa, hii ina ukungu, hii si ya aina iliyoandikwa kwenye cheti. Kisha anasoma cheti chenyewe, anaangalia muhuri, tarehe, na kama jina la kisayansi limeandikwa sawasawa. Wiki ya tatu mwanafunzi makini ataanza kuona makosa mwenyewe. Ujuzi huo wa karatasi, sheria na jicho unatafutwa bandarini, viwanja vya ndege na mashirika yanayopambana na ujangili, na wenzako walioko Mara hawaupati.

Mpaka una na somo la pili, la aibu kidogo. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, ikaweka faini ya hadi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, sisi wa Busia tuligeuka kuwa njia ya mifuko kutoka upande wa pili. Kila mtu anazijua njia za panya, na wengine tunawajua wapitao. Kijana anayetaka kufanya kazi na NEMA katika kaunti hii lazima aamue mapema atajiweka wapi, kwa sababu binamu yake huenda ndiye mbebaji. Simshauri awe kachero wa mtaani; hiyo ni kazi ya kuumizwa. Namshauri ajitolee upande wa elimu na vibadala: mama mboga wanatumia nini sasa, kinagharimu kiasi gani, kwa nini wanarudia mifuko myembamba ya plastiki. Utafiti mdogo kama huo, ukiandikwa vizuri, unasomwa.

Tushuke ziwani. Wengi hawajui kwamba kaunti yetu ina maeneo yaliyo kwenye orodha ya dunia ya maeneo muhimu kwa ndege. Nyika za Busia zimo, kinamasi cha Sio Port kimo, na kinamasi cha Yala, ambacho tunakigawana na Siaya, kimo pia. Mbayuwayu wa buluu, ambaye huzaliana nyanda za juu za Tanzania, Malawi na nchi za kusini zaidi, huja nyika zetu katikati ya mwaka, na nyika hizo zinalimwa kila msimu hadi zinakaribia kwisha. Ndani ya mafunjo ya Sio na Yala kuna ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa manjano, aitwaye kitaalamu Laniarius mufumbiri, ambaye maisha yake yote ni mafunjo. Yakikatwa yakaisha, naye amekwisha. Yala kuna na nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, na Ziwa Kanyaboli lina ngege wa asili walioadimika katika Ziwa Victoria lenyewe. Kinamasi hicho kimegombaniwa miaka mingi: kampuni ya Dominion iliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikalima mpunga, ikaondoka 2017, na mvutano wa ardhi haujaisha. Nature Kenya, shirika lililotokana na chama cha elimu ya viumbe kilichoanzishwa 1909, limefanya kazi huko na vikundi vya wenyeji.

Kwa mwanafunzi, mlango wa huku hauko Nairobi. Uko kwa mwenyekiti wa kundi la usimamizi wa ufuo, BMU, au kwa katibu wa chama cha watumiaji maji cha mto wenu, uwe Sio, Malaba au Malakisi. Hawa ndio wanaoamua nani anapanda mtumbwi na nani anaulizwa maswali. Usiwaendee na barua yenye muhuri kwanza. Nenda asubuhi samaki wanapopimwa, usubiri kelele itulie, useme kwa adabu:

“Mwenyekiti, habari ya asubuhi. Mimi ni mtoto wa marehemu fundi wa baiskeli pale Nangina. Nasomea uvuvi, niko mwaka wa tatu.”

“Karibu. Wewe ni wa kwa yule mzee? Haya, unataka nini kwetu?”

“Nataka kuandika rekodi ya samaki wanaoshushwa hapa kila siku, mzee, miezi mitatu. Kitabu kitabaki hapa kwenu, mimi nitapiga nakala ya chuo.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayokufungulia. Watafiti wamepita pale miaka nenda miaka rudi, wakauliza, wakaondoka na majibu. Anayeacha kitabu huitwa tena, na mwaka unaofuata shirika likija na pesa likiuliza “mna kijana anayejua kuandika?”, jina litakalotajwa ni lake. Ukiwa na simu nzuri, jiunge pia na Kenya Bird Map, mradi ambao watu wa kawaida huingiza orodha za ndege kwa visanduku vya ramani. Ni bure, na orodha zako zinabaki na jina lako. Mwajiri wa baadaye akitaka ushahidi kwamba unawajua ndege, mfungulie ramani.

Kuna na ngazi moja ambayo vijana wa Busia wameipanda kwa miaka zaidi ya ishirini bila kuiita uhifadhi: kazi ya kukusanya takwimu. Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na wenzake wawili, alifanyia Busia tafiti zilizomjengea jina, ikiwemo ile ya dawa za minyoo shuleni iliyoanza 1998. Baadaye yeye na wenzake walichunguza chemchemi 200 za huku kwetu magharibi mwa Kenya. Waligundua kwamba kuijengea chemchemi ukuta na bomba kulipunguza uchafu wa kinyesi majini kwa karibu theluthi mbili, na kuharisha kwa watoto kwa karibu robo. Waliotembea chemchemi hadi chemchemi na chupa za sampuli hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa hapa, na walilipwa. Kazi za aina hiyo bado zipo, kwa mashirika ya utafiti na hata ya kilimo kama One Acre Fund, ambalo lilianzia Bungoma 2006 na huwagawia wakulima miche ya miti. Jifunze KoboCollect wikendi hii, iko bure. Jifunze kusoma GPS, kuchukua sampuli ya maji bila kuichafua kwa vidole, na kumhoji mtu bila kumlisha majibu. Mwenye ujuzi huo hakai nyumbani muda mrefu, na chemchemi iliyolindwa ni uhifadhi kama msitu ulivyo.

Sasa pesa. Vijana wetu wamelelewa kuona haya kuuliza pesa, na mashirika yanajua. Uliza mapema na uulize kwa upole, kwa maandishi, baada ya kukubaliwa na kabla ya kuripoti. Usiulize “mnalipa?” Uliza hivi: je, kuna posho ya nauli na chakula cha mchana? Siku za nyanjani nani anagharimia usafiri, buti na data ya simu? Bima ya ajali ni ya chuo au yenu? Posho hulipwa tarehe ngapi, kwa M-Pesa au benki? Anayekusudia kulipa atajibu kwa mistari mitano. Anayekusudia kukuzungusha atakwambia “tutaangalia ukifika”. Ukisikia hivyo, hesabu kama hakuna kitu, uamue juu ya msingi huo.

Na ufanye hesabu kwa kalamu, kwa mfano hivi. Tuseme Nairobi wanakupa 10,000 kwa mwezi. Chumba Rongai 5,000, nauli 200 kwa siku kwa siku 22 ni 4,400. Umebaki na 600 na bado hujala. Tuseme chama cha Funyula kinakupa 4,000 na unalala kwa shangazi Nangina: boda 100 kwenda na kurudi ni 2,200, umebaki na 1,800 na ugali uko mezani. Mzazi, ukisoma hapa, ndama usimuuze kwanza. Mwombe mtoto akuonyeshe hesabu kama hiyo. Na usimwambie kwamba anayefanya kazi nyumbani ameshindwa maisha. Ukimrudia na maneno hayo kila jioni ataondoka mahali pazuri kwa sababu ya mdomo wako.

Pale ambapo shirika dogo halina posho kabisa, dai kitu kingine chenye thamani: mafunzo ya boti au huduma ya kwanza yenye cheti, ruhusa ya kutumia takwimu kwa mradi wako wa mwisho, jina lako kwenye ripoti. Au punguza siku: siku tatu kwao, siku mbili kwenye shughuli zako za kukuingizia riziki. Chuo kikikubali, hakuna aliyepunjwa. Nisichokikubali ni mwanagenzi aliyekwisha kuhitimu, anayefanya zamu za mfanyakazi kamili mwaka mzima, bila senti, kwa ahadi ya “tutakufikiria nafasi ikitokea”. Miezi mitatu inatosha kumjua mtu. Baada ya hapo ni ulaghai, hata kama bosi anasali nawe kanisa moja.

Barua zenyewe zianze kutembea Novemba ikiwa atachimenti yako ni ya Mei hadi Agosti. Februari ni kuchelewa, ndiyo sababu saiba zimejaa. Andika ukurasa mmoja, umtaje afisa kwa cheo chake, useme unataka idara gani, tarehe gani hadi gani, unajua kufanya nini kwa mikono yako, na unaishi wapi. “Ninaishi Matayos, sihitaji malazi” ni sentensi inayomrahisishia afisa wa kaunti uamuzi. Ambatanisha barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, na bima ya ajali ikiwa chuo kinaitoa. Uwe na PIN ya KRA na akaunti ya benki kabla hujaombwa, na umejisajili kwa bima ya afya ya SHA. Cheti cha tabia njema kinaombwa kwa eCitizen kwa 1,050 na huchukua muda, hivyo usingoje kuitwa. Peleka barua mwenyewe, pata muhuri wa “imepokelewa” kwenye nakala yako, kisha piga simu baada ya wiki mbili. Ofisi za Busia si kubwa. Mtu akikuona mara ya pili na muhuri wake mkononi atakutafutia jibu.

Hakuna ofisi ya serikali inayokupigia simu ikudai pesa ili upate nafasi hizi. Anayekupigia akisema jina lako limepita KWS, tuma 3,500 za sare na uchunguzi wa afya, ni mwizi, hata akilitaja jina la mama yako na shule uliyosoma. Hayo ameyasoma Facebook. Usajili wa maaskari wa KWS, ule wa kukimbia uwanjani mbele ya watu, ni jambo tofauti kabisa na uanagenzi, na matapeli huvichanganya makusudi.

Kwa binti nitasema zaidi kidogo, kwa sababu wenzangu wengi huliruka. Mpakani kuna loji nyingi na wanaume wengi wapitao. Afisa anayetaka “mahojiano” yafanyike hotelini jioni hatafuti mwanagenzi. Mahojiano hufanyika ofisini, mchana, na mtu wa pili akiwepo. Kazi ya nyanjani ya kulala nje ina orodha: nani anakwenda, gari gani, wanalala wapi, wanawake wangapi. Iombe hiyo orodha na umwachie mtu wa nyumbani. Ukibughudhiwa, andika siku hiyohiyo tarehe, saa na maneno, umpelekee msimamizi wa atachimenti wa chuo; yeye anawajibika kwako na anaweza kukuhamisha bila mwaka wako kupotea. Na kama chuo chenyewe kitasinzia, Tume ya Jinsia na Usawa ipo, na polisi wapo.

Vuka mpaka pia ukitaka. Kwa kitambulisho tu Mkenya anaingia Uganda, na Waiteso wenye mashamba upande wa Tororo ni ndugu zako. Kusalimia na kuketi ofisini miezi mitatu ni mambo mawili, hata hivyo. Uliza uhamiaji pasi ya mwanafunzi kabla hujaanza, la sivyo utafanya kazi nzuri isiyo na karatasi.

Ukishaingia, kitabu chako cha kumbukumbu kijazwe kila jioni. Usiandike “leo tulienda nyanjani”. Andika: chemchemi tatu, mbili hazina uzio, sampuli sita, moja ilimwagika, mwenyeji alikataa kuhojiwa kwa sababu ya mgogoro wa ardhi. Mhadhiri akija kukukagua ataona mtu anayefikiri. Na wiki ya mwisho isipite hivihivi. Omba barua inayotaja kazi ulizofanya kwa vitenzi, si “alikuwa mtiifu na mwenye bidii”. Pata nakala ya takwimu ulizoruhusiwa kuchukua, namba za watu watatu watakaokusemea, na risiti au ujumbe wa M-Pesa wa kila posho uliyolipwa. Kama kuna mwezi uliobaki, dai kwa barua kabla hujarudisha buti.